Unafiki kama Chombo cha Utawala katika Kusadikika

Mwanafunzi mpendwa, ukiulizwa jinsi raia wanavyodhibitiwa katika riwaya ya Kusadikika, usikimbilie kuandika "kwa mabavu" kisha ukaorodhesha vifungo. Mtahini atakupa alama chache kwa hilo. Kwa maoni yangu, nguzo kuu ya utawala wa Kusadikika ni unafiki. Gereza linakuja baadaye.

Tazama kesi ya Karama. Anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria, yaani kuwafundisha watu kujitetea. Hata hivyo, hapigwi wala hatoweshwi usiku. Anafikishwa barazani mbele ya mfalme, anasomewa mashtaka na Waziri Majivuno na kupewa siku sita za kujitetea. Kwa nje, hiyo ni haki. Kwa ndani, nchi inamshtaki mtu kwa kuipenda sheria huku yenyewe ikijificha nyuma ya sheria. Hicho ndicho kinaya kikuu cha riwaya. Kitaje kwa jina lake.

Sasa wakumbuke wajumbe sita. Nchi yenyewe iliwatuma mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini watafute mambo ya kuifaa. Waliteseka safarini, wakarudi na mapendekezo, kisha wakatiwa gerezani. Mabavu matupu yasingewatuma hata kidogo. Mnafiki huwatuma ili aonekane anataka maendeleo, na huwafunga ili maendeleo yasimguse. Raia anayetazama hupata funzo bila kuambiwa: ukiwa na wazo zuri, limeze.

Zingatia pia majina. Majivuno na Karama ni majazi, lakini jina zito zaidi ni la nchi yenyewe. Kitenzi ni sadiki. Katika kauli ya kutendeka tunapata sadikika. Udhibiti hukamilika pale ambapo watu husadiki kila linalotoka juu, hata likiwa kinyume cha wanachokiona kwa macho yao.

Usidhani haya ni ya nchi ya angani tu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na riwaya hii ilitoka mwaka 1951, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza. Sisi wa Taveta tuko mpakani na nchi yake, na upande wetu nao una mfano. Chama cha Taita Hills Association kilitetea ardhi ya Wataita. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na baadhi ya viongozi wakazuiliwa. Wakati huo huo Uingereza ilikuwa ikiutangazia ulimwengu kwamba inapigania uhuru dhidi ya Hitler. Uhuru ulisifiwa Ulaya; Wundanyi ulikuwa kosa. Uhusiano huo ukusaidie kuelewa. Ndani ya jibu lako, ushahidi utoke riwayani.

Je, unafiki huo unashindwaje? Wengi huandika kwamba mfalme alimhurumia Karama. Sikubaliani na jibu hilo. Karama hakuomba huruma. Kwa mbinu rejeshi, alisimulia yaliyowapata wajumbe mmoja baada ya mwingine, siku baada ya siku, mbele ya watu wale wale waliotaka yasahauliwe. Mnafiki hutegemea usahaulifu. Kumbukumbu iliyopangwa vizuri na kusemwa hadharani ndiyo iliyomwokoa Karama na kuwafungua waliofungwa.

Hata hivyo, jiulize swali gumu: ikiwa uhuru wao umetoka kinywani mwa mfalme, je, sheria imeshinda au mfalme amebadili nia tu? Mwanafunzi anayelitaja suala hili na kulijadili kwa ushahidi huonyesha kwamba ameisoma riwaya yenyewe, si muhtasari.

Unapojibu, fuata hatua tatu: taja tendo, onyesha kauli nzuri inayolifunika tendo hilo, kisha eleza raia wanaathirika vipi. Hoja isiyo na hatua ya tatu ni nusu hoja.

Zoezi
"Katika Kusadikika, baraza ni gereza lenye viti." Jadili ukirejelea kesi ya Karama na wajumbe wowote wanne. (Alama 20)