DAMU IPIMWE KABLA YA DAWA

Mara nyingi wananchi wa mwambao wetu husema kwamba fulani amekataliwa na dawa. Baadhi ya wataalamu huyacheka maneno hayo. Sisi tunasema yasichekwe, kwani yana ukweli ndani yake.

Wapo watu ambao chembechembe nyekundu za damu yao zina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Huo si uchawi wala laana, ni urithi. Na aghalabu huwadhuru wanaume, ambao huupokea kwa mama. Mwenye nao huishi salama hadi atumiapo dawa kama dapsoni. Hapo damu huvunjika, macho yakawa ya njano na mkojo mweusi.

Mwaka 1960 mtaalamu Anthony Allison alionyesha kwamba upungufu huu umeenea zaidi katika sehemu za Afrika Mashariki zenye malaria nyingi, kwa kuwa humkinga mtu kiasi na malaria kali. Pwani yetu, tangu Mikindani hadi mlango wa Ruvuma, ni nchi ya malaria tangu enzi za mababu. Urithi uliowakinga wazee ndio huo unaowaponza wajukuu mbele ya dawa.

Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, ilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya Afrika. Mchanganyiko wake na artesunati ulijaribiwa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo. Wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu vibaya, na Februari 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ikaiondoa Lapdap sokoni.

Dawa mseto ya malaria itumikayo sasa haina dapsoni. Mtu asiiache kwa hofu. Lakini dapsoni ingalimo katika dawa za ukoma, ambazo mgonjwa humeza kwa miezi 6 au 12. Hatusemi ziachwe, maana ukoma usiotibiwa hulemaza. Tunasema anayezianza apimwe, na matokeo yaandikwe katika kadi yake.

Mgonjwa wa mjini yu karibu na Hospitali ya Ligula. Ndugu yetu wa visiwani hana budi kungoja maji na mashua, na kusi ikivuma hungoja zaidi. Kwa hiyo viongozi wa Halmashauri wavipeleke vipimo vya G6PD kwanza katika zahanati zinazohudumia visiwa, mjini baadaye. Wakati huo huo kila mganga amwulize mgonjwa iwapo yeye au ndugu zake wa kwa mama waliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa. Swali hilo halingoji fedha za bajeti. Laweza kuanza kuulizwa wiki hii.