LUKU inajua umelipa, daftari lako halijui



Leo siandiki juu ya mbolea wala mnyauko wa migomba. Naandika juu ya daftari la fedha, na naandika nikiwa na hasira kidogo. Mnivumilie.

Alikuja ofisini mama mmoja wa hapa Ibighi anayenunua ndizi na parachichi kwa wakulima na kupakia kwenye malori ya Dar es Salaam. Namfahamu miaka mingi, na sijasikia mkulima akilalamika kwamba amemdhulumu hata mkungu mmoja. Alikuwa ameomba mkopo wa kununulia kreti na kuwalipa wakulima taslimu msimu unapoanza. Akaambiwa alete kumbukumbu za mauzo za miezi 6.

Kumbukumbu anazo. Wateja wake humlipa kwa simu na wengine kwa benki, na kila malipo yana tarehe, saa, jina na kiasi. Ila ziko ndani ya meseji, na nyingi alishazifuta kwa sababu simu ilijaa. Jioni mbili tulikaa naye tukinakili kwa biro. Alipozipeleka, akaambiwa daftari la mkono halitoshi, alete taarifa ya akaunti pamoja na hesabu ya biashara iliyotenganishwa na matumizi ya nyumbani. Alipomaliza kuzunguka, wanunuzi wengine walishapita shambani. Parachichi halimsubiri mtu.

Sasa jiulize jambo hili pamoja nami.

Ukinunua umeme wa LUKU kwa simu saa 4 usiku, namba za kuingiza kwenye mita zinafika kabla hujaiweka simu mezani. Nani kaiambia TANESCO kwamba umelipa? Hakuna karani aliyeamshwa. Mfumo wa kampuni ya simu umeongea na mfumo wa umeme, basi. Na kuanzia 2017 serikali imekuwa na mfumo wake wa malipo, GePG, ule unaotupa kontroli namba. Unalipa ada au kodi kwa wakala hapa hapa Tukuyu, na ofisi husika inaona kwamba deni limelipwa.

Mimi ni mtumishi wa serikali na nasema wazi kwamba hilo ni jambo jema. Limepunguza foleni na limepunguza fedha kupotea njiani. Lakini angalia upande wako. Fedha inayotoka mfukoni mwako ina mifumo inayoongea yenyewe. Fedha inayoingia mfukoni mwako unainakili kwa biro usiku, kwa mwanga wa simu ileile iliyojaa meseji. Kwa nini?

Njia ambayo mfumo mmoja unauliza na mwingine unajibu huitwa API. Usiziogope herufi hizo. Fikiria dirisha la kituo cha kukusanyia maziwa. Unapeleka maziwa, karani anapima na kuandika lita. Huruhusiwi kuingia ndani na kushika tangi. Lakini pale dirishani unaweza kuuliza, "Lita zangu za wiki hii ni ngapi?" Unajibiwa, tena za kwako tu, siyo za jirani. API ni dirisha la namna hiyo. Anayeuliza ni programu ya hesabu iliyo kwenye simu au kompyuta yako. Anayejibu ni benki au kampuni ya simu. Na anayetoa ruhusa ya kuuliza ni wewe mwenye akaunti.

Dirisha likiwa wazi, mteja akikulipa 300,000 ya ndizi, malipo yanajiandika kwenye hesabu zako. Wewe unabaki na kazi ndogo ya kuonyesha kwamba hii ni ndizi, hii ni parachichi, hii ni mchango wa harusi. Mwisho wa mwezi unaona mapato, matumizi na kilichobaki. Mwenye kukopesha akiuliza ya miezi 6, unampa ya miezi 6.

Msiniambie haya ni ndoto. Uingereza, mamlaka ya ushindani iliziagiza benki 9 kubwa zifungue dirisha hili, na likaanza kufanya kazi Januari 2018. Mwenye duka dogo kule anaunganisha akaunti yake na programu kama Xero au QuickBooks. Ruhusa anaitoa ndani ya mfumo wa benki yake mwenyewe, kwa hiyo programu ya hesabu haioni nywila yake. Akichoka nayo, anaifuta ruhusa. Jirani zetu wa Kenya, Safaricom waliwafungulia watengeneza programu dirisha la M-Pesa na kuliita Daraja. Hapa kwetu pia kampuni za simu na benki zinayo madirisha hayo. Tatizo ni kwamba wanaoyafikia ni kampuni zenye wataalamu wa kompyuta na mikataba minene. Muuza ndizi wa Ibighi hakuna aliyemwambia hata kwamba dirisha lipo.

Na dirisha likifungwa, watu hupitia paani.

Mama yule yule, baada ya kukosa mkopo, kijana mmoja alimwekea programu "ya bure ya kutunza hesabu". Kabla ya kufunguka, programu ikaomba kusoma meseji zake zote na orodha ya namba zote za simu. Alinipigia kuniuliza kama abonyeze kukubali. Nikamwambia, "Mama, usibonyeze." Meseji zako zinabeba salio lako, namba za uhakiki zinazotumwa na benki, na ugomvi wako na shemeji. Orodha ya namba zako ina mwenyekiti wa kijiji, mchungaji na mwalimu wa mtoto. Tunajua orodha kama hizo zimetumiwa na baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni kuwaaibisha watu kwa ndugu zao. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kenya nao walibadilisha sheria ya benki kuu yao mwaka 2021 ili kuwadhibiti wakopeshaji wa namna hii.

Wengine hawaombi meseji, wanaomba namba ya siri kabisa: "Nipe PIN, nitakuunganishia." Huko si kuunganishwa. Huko ni kumpa mtu ufunguo wa ghala eti akakuhesabie magunia.

Lakini ndugu zangu, nilipomwambia mama yule asibonyeze, nilijisikia vibaya. Nilimfungia mlango mbaya bila kumwonyesha mlango mzuri. Semina zetu zote zinasema "msitoe PIN, jihadharini na matapeli", halafu tunafunga kwa sala na soda. Tahadhari peke yake haimpi mtu hesabu. Mtu anayehitaji hesabu leo atapitia paani tu, hata umwonye mara 10.

Najua majibu nitakayopewa. Niyajibu moja moja.

La kwanza: "Hayo ni mambo ya mjini." Ndizi zako zinaliwa mjini na fedha yake inakuja kwa mfumo wa mjini. Kwenye kulipa umeme hakuna aliyesema kwamba mfumo ni wa mjini.

La pili, na hili mnaniambia kwa kunong'ona: "Bwana shamba, hesabu zikikaa vizuri, TRA watanikamata." Tufanye hesabu basi. Kwa mfanyabiashara binafsi anayekadiriwa kwa mauzo, mauzo ya mwaka yakizidi milioni 4 lakini yasizidi milioni 7, asiye na kumbukumbu anatozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5, kinachozidi ni milioni 1, na asilimia 3 yake ni 30,000. Kwa hiyo kukosa daftari kumekugharimu 70,000 kwa mwaka. Viwango huweza kuguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo thibitisha ofisi ya TRA kabla ya kulipa. Lakini uone kwamba kodi ya asiyejua hesabu yake ndiyo iliyo kubwa.

La tatu, la mabenki: "Ni hatari kwa usalama wa mteja." Hatari kubwa ni hii iliyopo sasa, ya watu kugawa PIN na meseji. Dirisha la kusoma tu haliwezi kutoa hata shilingi kwenye akaunti. Madirisha ni ya aina mbili, la kusoma na la kulipa. Sisi tunaomba la kusoma.

La nne ni la kweli, nalikubali: mauzo mengi ya kwetu ni ya taslimu, na dirisha la benki halioni noti iliyopita mkononi. Aliyeuza mikungu 20 barabarani kwa taslimu, API haitamwandikia. Biro haijafa. Na fedha ya biashara ikichanganyika na ya ada na ya msiba, hata mfumo wa Uingereza utakuandikia mchanganyiko ule ule, ila kwa mwandiko mzuri zaidi.

Kwa hiyo, kazi ni mbili. Moja ni yetu, tuianze wiki hii. Nyingine ni ya kudai.

Ya kwetu:

1. Tenga fedha ya biashara. Chukua Lipa Namba, au laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako, au akaunti ya pili. Malipo ya mzigo yaingie huko tu. Ukitaka fedha ya nyumbani, jilipe kiasi na ukiandike.

2. Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala, ya simu na ya benki. Usitegemee meseji. Ihifadhi kama faili mahali pengine pia, siyo ndani ya simu peke yake, kwa sababu simu huanguka mtoni.

3. Taslimu iandike siku ile ile: tarehe, mteja, bidhaa, kiasi. Safu 4 zinatosha. Usiongeze ya tano kama hutaijaza.

4. PIN usimpe mtu, awe karani, kijana wa kompyuta, au mimi. Programu ya hesabu inayodai meseji na namba zako zote, ifute.

5. Kabla ya kuunganisha chochote uliza maswali haya. Inasoma tu, au inaweza kulipa pia? Ruhusa naitoa wapi, kwa benki yangu au kwenu? Inaisha lini? Naifutaje? Taarifa zangu mnampa nani mwingine? Asiyeweza kujibu yote kwa Kiswahili kinachoeleweka hajawa tayari kushika hesabu zako.

Na jueni kwamba mnayo sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Taarifa za miamala yako ni taarifa zako. Anayezichukua anatakiwa akuambie anazichukua kwa kazi gani.

Ya kudai: mtu mmoja akienda benki kuomba dirisha la kusoma, ataambiwa arudi kesho. Kikundi chenye wanachama 60 kikienda na barua, meneja atawakaribisha ofisini. AMCOS, SACCOS, vikundi vya maziwa na vya parachichi, wekeni ajenda hii kwenye mkutano ujao. Barua iwe fupi: tunataka akaunti zetu ndogo ziweze kuunganishwa na programu ya hesabu tunayoichagua, kwa kusoma tu, kwa ruhusa yetu, kwa gharama ambayo mwenye mauzo madogo anaiweza. Na hadi hapo, mtupe taarifa ya miezi 12 kama faili, bila kuzungushwa. Mkitaka mtu wa kuwasaidia kuiandika, njooni ofisini. Mhuri wa kikundi mje nao.

Mama yule hajakata tamaa. Ameshachukua Lipa Namba, na wateja wake wa Dar es Salaam ameanza kuwazoesha kulipa huko. Msimu ujao atakuwa na faili la miezi yake yote. Lakini bado kila Jumapili jioni anakaa na daftari akinakili kutoka kwenye simu mambo ambayo simu tayari inayajua. Mimi naona ni aibu, na aibu hiyo si yake.

Anayeshika fedha yako anajua kila shilingi iliyoingia na saa iliyoingia. Muombe akujulishe na wewe. Akikawia, muombeni tena mkiwa wengi.



Afisa ugani wenu, Ibighi