Hiyo Muvi ya Bure Ina Bei Yake

Ndugu na dada zangu wa Kakuma, leo naomba tugombane kidogo.

Kila nikisema tovuti za muvi za wizi ni hatari, najibiwa: "Mimi ni mkimbizi, sina kitu. Wataniibia nini?" Jibu hilo linanichoma. Nani kakuambia huna kitu?

Mdogo wangu alichukua simu ya mama, maana ndiyo simu ya tachi pekee nyumbani, akatafuta muvi mpya. Tovuti ikamfungulia matangazo matatu, halafu ikamwambia apakue programu ili aone vizuri. Programu yenyewe haikutoka Play Store. Ikaomba ruhusa ya kusoma SMS, naye akabonyeza "Ruhusu" bila kusoma. Tangu siku ile kredo ikawa inaisha yenyewe, na picha chafu zinajitokeza hata mbele ya wageni. Fundi akasema dawa ni kufuta kila kitu. Tukafuta. Picha ya marehemu baba, ile moja tuliyovuka nayo mpaka, ilikuwa humo.

Haya, rudia tena: huna kitu?

Simu kambini si ya kuchezea. Bamba Chakula ilipoanza mwaka 2015, laini ya simu iligeuka kuwa kapu la unga. Humo kuna jumbe za mashirika, picha za vyeti, namba za siri. Programu inayosoma SMS inasoma hata zile namba unazotumiwa ukifungua akaunti. Na wengi wetu laini zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ikipotea, kuirudisha ni kazi kwelikweli. Humo humo nimeona tangazo: lipa hapa uende Kanada. Jameni, huduma za UNHCR ni bure, na safari ya nchi ya tatu haiuzwi.

Wengine wanasema muvi halali ni za matajiri. Si kweli. YouTube ina filamu nzima za Nollywood, zimewekwa na wenyewe kwenye chaneli zao. Internet Archive ina filamu za zamani zisizo na hakimiliki, kama Night of the Living Dead ya 1968. Punguza ubora hadi 360p, bando itadumu.

Nanyi wa mashirika, msijifiche. Semina moja ya "usibonyeze" haitoshi. Kijana asiye na kazi wala mahali pa kwenda jioni atabonyeza tu. FilmAid walishaonyesha hapa hapa kambini kwamba skrini moja uwanjani inakusanya watu. Basi turudishieni jioni za sinema, na kwenye kompyuta za senta wekeni filamu halali, tusilazimike kuzitafuta gizani.

Na sisi wenyewe tunapiga filamu fupi kwa simu. Siku mtu akichukua ya kwako, akaweka matangazo juu yake, akala yeye, utasema nini?

Kabla hujalala leo, ingia kwenye mipangilio, angalia ni programu gani zina ruhusa ya SMS. Usiyoijua, iondoe. Na picha zako ziweke mahali pengine pia. Sisi tulichelewa.