Mikono juu mpaka lini?

Makamanda, kuna jambo tunalichukulia dogo kwenye matawi yetu na mimi naona si dogo hata kidogo. Kijana anapendekezwa kupandishwa kuingia kamati ya tawi. Mwenyekiti anauliza, "Wanaokubali?" Mikono inapanda. "Wanaokataa?" Kimya. Imepita kwa kauli moja! Tukishatoka nje ndiyo unasikia kura zenyewe: huyu hafai, huyu kawekwa, huyu shemeji wa fulani.

Huku Bisibo tunajuana wote. Aliyelileta jina ndiye mwenye duka unakokopa unga, au ndiye aliyekuazima kipande cha shamba ulime mahindi. Umkatalie mtu wake mchana kweupe, halafu jioni uende kwake kuchukua chumvi? Tusidanganyane.

Wanaotetea mikono wanasema eti mwenye msimamo haogopi. Sawa. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba pale Dodoma lilikwama kwa wiki kadhaa likibishania kura iwe ya wazi au ya siri. Mwisho kila mjumbe akaachiwa achague mwenyewe. Othman Masoud Othman, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, akachagua ya wazi na akazikataa baadhi ya ibara. Oktoba hiyo hiyo akaondolewa kwenye nafasi yake. Namheshimu sana kwa ujasiri ule, lakini kanuni ya kupiga kura haitungwi kwa ajili ya mashujaa. Inatungwa kwa ajili ya yule dada anayeuza ndizi ambaye naye ana kadi ya chama kama wewe.

Wengine wanasema mikono inazuia wizi wa kura. Hapo ndipo wanaponichekesha. Wakenya walipanga foleni nyuma ya wagombea wa KANU mwaka 1988, ule mlolongo maarufu. Kila mtu aliona foleni ipi ndefu, na bado mahali pengi akatangazwa mwenye foleni fupi. Watu wakishatawanyika utahesabu nini tena? Karatasi inabaki kwenye boksi, foleni inaenda nyumbani. Na ushahidi, kama tunavyofundishwa darasani, ni kitu unachoweza kukirudia.

Kuna hoja moja naiheshimu: mbona wabunge tunataka wapige kura tuwaone? Ni kweli, nataka kumwona mbunge wangu. Yeye amebeba kura yangu, lazima anijibu. Lakini mwanachama wa tawi hajabeba kura ya mtu, amebeba yake. Kwa hiyo swali ni nani anamwangalia nani. Ukimwangalia mwakilishi wako, huo ni uwazi. Bosi akiwaangalia wapiga kura wake, huo ni ukaguzi wa utii. Hata kule Dodoma, wajumbe 201 waliteuliwa na Rais. Kura yao ya wazi ingeonwa kwanza na nani?

Tatizo hili wala si letu peke yetu. Debian ni mradi wa programu huria ya kuendeshea kompyuta, unajengwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Kiongozi wao walikuwa wakimchagua kwa siri, ila kwenye maazimio mengine kila jina lilianikwa na kura yake. Mwaka 2021 wakapigia kura suala moto lililomhusu Richard Stallman, na wengine wakahofia kuandamwa kwa walivyopiga. 2022 wakaamua maazimio nayo yawe ya siri. Na uhakiki haukufa: mpiga kura ana alama yake ya siri ya kumwonyesha kwenye orodha kwamba kura yake imehesabiwa.

Sisi wenyewe tunaweza. Januari 2025 pale Mlimani City, Lissu 513, Mbowe 482. Mjumbe gani alimpa nani? Hatujui na hatutakiwi kujua. Aliyeshindwa akayakubali matokeo. Sasa kama siri inafaa kwa mwenyekiti wa taifa, kwa nini isimfae katibu mwenezi wa tawi?

Najua siri nayo inaweza kuficha chuki. Mtu anakukata kwa sababu ya mpaka wa shamba na hutamjua. Ndiyo maana mjadala lazima uwe wazi: jina litangazwe siku kadhaa kabla, anayepinga aseme hoja mbele ya mhusika, mhusika ajibu. Hoja hadharani, kura sirini, kuhesabu hadharani. Na Tanzania imeridhia tangu 1976 Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 25 inataka uchaguzi wa kura ya siri. Mkataba unazibana serikali, najua, lakini tutaidai vipi serikali kitu ambacho tawini hatukifanyi?

Msiniambie habari ya gharama. Karatasi moja ya daftari la shule ukiikata vizuri inatoa kura nane, na boksi la sabuni lipo kila duka.