Kubomoa paa la eternit: maski haiko kwenye devi

Paa la zamani la eternit likichakaa, wafanyakazi wa siku wanapandishwa juu na nyundo. Wanavunja, wanatupa chini, jioni wanalipwa. Shida ni kwamba eternit ya zamani ina amianti. Vumbi lake likiingia mapafuni, kansa inaweza kutokea miaka 20 mpaka 40 baadaye. Wakati huo patron wa shantie atatafutwa wapi?

Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inamuwekea mwajiri jukumu la usalama na afya ya mfanyakazi, hata yule wa siku moja. Lakini yote inachezewa kwenye devi. Misumari imo, mbao zimo. Maji ya kulowanisha mabati, maski za kweli (kitambaa hakizuii hilo vumbi), plastiki ya kufungia na siku za ziada za kufungua bati moja moja bila kuvunja, hakuna. Ngambo ya Ruzizi, Rwanda inayaondoa na kuyazika. Huku kwetu vipande vinabaki uwanjani, na nguo za vumbi zinafuliwa na mama nyumbani.