Uzito wa omo nao una kazi yake

Mwandishi, kwenye makala yako ya kuteleza juu ya wimbi la boti, pale unaposhauri mifuko yote ya maji ya kuongeza uzito ijazwe kwenye tezi sikubaliani nawe. Huku Texas boti ya rafiki yangu tuliijaza hivyo hivyo: omo ikapanda juu, dereva haoni mbele, na wimbi likawa refu kwenda juu lakini fupi, linakufa kabla hujakaa sawa kwenye ubao. Tulipohamishia mfuko mmoja wa maji mbele, wimbi likanyooka, ukawa unateleza hata baada ya kuachia kamba. Na kumbukeni lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo hesabuni mifuko pamoja na watu, msivuke uzito alioruhusu mtengenezaji. Wewe ndugu hapo juu unayeuliza kama boti ya injini ya nje inafaa, tafadhali usithubutu! Anayeteleza yuko mita chache tu nyuma ya boti, na propela ya injini ile iko huko huko nyuma. Tafuta yenye propela chini ya tumbo la boti. Mkimaliza, mwageni maji yote, mkaushe na mifuko kabla ya kwenda ziwa jingine, maana vichanga vya kome pundamilia husafiri humo bila kuonekana.