Plasta ya Dripu Ising'olewe kwa Pupa

Muuguzi anapotafuta mshipa wa mgonjwa huushika mkono kwa utulivu, husafisha ngozi na kuchoma kwa uangalifu. Siku ya kuitoa kanula hiyo hiyo, mara nyingi plasta huvutwa kwa mkupuo mmoja, eti maumivu yaishe upesi. Hoja hiyo haina msingi. Gundi hushikamana na tabaka la juu kabisa la ngozi, na plasta inayong'olewa kwa nguvu huondoka nalo.

Kwa kijana mwenye afya hasara yaweza kuwa ndogo. Sivyo kwa mzee mkulima wa kahawa wa vijiji vya jirani na Mlowo, ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba kwa umri, tena imekauka kwa baridi ya Juni na Julai. Wala kwa mtoto njiti, ambaye ngozi yake haijakomaa. Hao huchubuka, na mchubuko huwafungulia njia vijidudu, pengine pale pale ambapo mshipa utahitajika tena kesho. Katika ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo atazamwe kama pana unyevu unaong'aa au weusi uliozidi, na aulizwe kama panauma au panawasha.

Kinga huanza wakati wa kubandika. Spiriti iachwe ikauke kabisa. Plasta ilazwe bila kuvutwa, kwani iliyovutwa hujirudi na kuikokota ngozi hadi ikatoa malengelenge. Wala isizungushwe mkono mzima, maana mkono ukivimba hubanwa. (Desturi ya kukata vipande mapema na kuvibandika kwenye toroli nayo iachwe, huokota vijidudu.)

Wakati wa kubandua, kidole kimoja kiikandamize ngozi, plasta ikunjwe nyuma polepole, karibu na ngozi, kufuata malaika yanavyolala. Ikikataa, mafuta ya mgando kidogo pembezoni, mbali na tundu la sindano, huilegeza.

Itasemwa kwamba wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wachache. Ni kweli, lakini kubandua taratibu huchukua dakika moja, ilhali kidonda hudai kusafishwa siku kadhaa. Na mama anayesema, "Nesi, taratibu, plasta ya jana ilimchubua," asihesabiwe msumbufu. Maneno yake yaandikwe kwenye faili, ili zamu inayofuata iyakute.